Tuliuza Kahawa, Tukanywa Chai

Masika wangu,

Umekwenda kuagana na wanakwaya wenzako, nami nimebaki na nyumba. Nilikaa sebuleni nikaona kiti chako, nikahamia jikoni nikaona sandali zako mlangoni, basi nimekuja kuandika huku deponi, kwenye ghala la kahawa, juu ya gunia, kwa taa ya sola. Huku angalau hakuna kitu chako, na hilo ni kosa langu, nitalifikia. Barua hii nitaisukuma chini kabisa ndani ya sanduku lako, chini ya kitenge cha njano. Ukiikuta njiani utalia mbele ya abiria na dereva ataanza kukupa ushauri.

Sitakuandikia habari ya blanketi, ya chandarua wala ya kuchemsha maji. Hizo nimezisema mpaka umeanza kunijibu "ndiyo, Mama" kabla sijafungua mdomo. Nakuandikia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nageuka mkali, maana ndivyo nilivyo: nikiwa na huzuni, nagombeza. Leo asubuhi nilikugombeza kwa sababu ya kamba ya sanduku. Haikuwa kamba.

La kwanza ni hili: sitaki uende. Nimeliandika ili litoke. La pili: nenda. Sasa tunaweza kuzungumza.

Unajua kwamba hakuna mtu Bunia anayelijua jina langu nililopewa na baba yangu. Ulipozaliwa, binti wa kwanza, ukaitwa Masika kama ilivyo desturi yetu Wanande, na mimi nikawa Mama Masika siku hiyohiyo. Tulidhani wadogo zako watafuata. Hawakufuata. Baba yako naye akatuacha ukiwa bado shule ya msingi. Ulikuwa ugonjwa, ingawa katika mji huu mtu akisikia kuna msiba anauliza kwanza walikuwa upande gani wa vita. Tangu hapo tumekuwa wewe na mimi na magunia.

Nilikua Butembo, katika vumbi la kahawa. Mama yangu alinikalisha kwenye turubai nikachague punje mbovu tangu sijajua kuhesabu, na jioni nilipojifuta pua kitambaa kilitoka cheusi. Nilijiambia mwanangu hatajifuta pua nyeusi. Kwa hiyo tulipokuja Bunia na baba yako, tukapata depo hii nyuma ya nyumba, niliweka sheria moja: Masika haingii deponi. Unakumbuka? Ulikuwa ukisimama pale kwenye kizingiti na uniforme yako nyeupe na bluu, ukiniuliza mbona naitafuna kahawa mbichi, nami nakujibu: "Enda kusoma. Weye uko mutoto wa biro, wa kukaa ofisini."

Ulikuwa unauliza swali zuri kuliko maswali yote uliyoulizwa baadaye shuleni. Nilikuwa naitia punje menoni ili nijue kama imekauka. Ikipasuka kwa mlio ni kavu, ikipindika bado ina maji. Ingenichukua muda gani kukuambia? Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikukunja vizuri sana, ila nilikukunjia upande wa ukutani.

Ukachagua agronomia. Nilifurahi, kwa kuwa niliona agronomia kama biro yenye picha ya mmea ukutani. Na hapa lazima nikukumbushe habari ya staji, yale mafunzo ya kazini, ingawa tulikwisha kuicheka pamoja.

Kila mwaka vijana wa taasisi yenu walikuja hapa na barua: "Tunaomba mumpokee mwanafunzi wetu kwa staji ya mwezi mmoja." Wamefua mashati, wana kalamu mfukoni. Nami nina malori yanapakiwa, wakulima wanapiga kelele kwenye mizani, nitamweka wapi mtoto wa watu? Nilikuwa nachukua barua, napiga muhuri, nasema: "Rudi nyumbani, mutoto wangu, mwisho wa mwezi kuja kuchukua hati yako." Wengine walinishukuru kwa magoti. Niliona ni huruma. Niliwapa na alama nzuri, kwa nini nimnyime mtoto alama ambayo hainigharimu kitu?

Halafu akaja Dieudonné, yule mrefu mwenye pengo la meno. Staji yake nilimfanyia hivyohivyo. Alipomaliza shule akarudi kutafuta kazi, na kweli wakati huo nilikuwa nahitaji mtu wa kupokea kahawa. Nikamwuliza kama anajua kupima. Akatoa hati yangu kwenye folda, akaifungua kwa vidole viwili kama mtu anayefungua Biblia.

"Mama, hii inasema najua. Na ni weye njo ulisaini."

Watu wa mizani walicheka. Na mimi nikacheka, ndilo jambo baya zaidi. Nilimwambia: "Basi nitakuita." Sikumwita. Sasa yuko machimbo ya Kilo, anachimba dhahabu kwenye mashimo pamoja na vijana wengine wenye diploma, na mama yake nikikutana naye kanisani ananisalimia kwa adabu, nami naona haya mpaka masikioni. Siku hizohizo nilikuwa nikikaa na wafanyabiashara wenzangu tukisema kwa sauti: "Watoto wa siku hizi wanatoka shuleni hawajui kitu." Mkuu wa seksheni yako ya agronomia alitualika mara nyingi tukae na walimu, tuwaambie tunahitaji wanafunzi wajue nini. Sikwenda hata mara moja. Nilisema kazi ya kufundisha analipwa yeye.

Zamu yako ilipofika, ofisi uliyopelekwa ikakuambia nawe urudi mwisho wa mwezi. Ulirudi nyumbani umenuna, nikakuambia umshukuru Mungu, wamekuhurumia. Mzigo ule nilikuwa nimewatwisha wana wa wenzangu bila kuusikia uzito. Hata ulipotua juu yako sikuusikia mara moja. Nilikupikia ndizi na samaki.

Siku ya diploma tulikumwagia poda kichwani mpaka ukaonekana mzee wa miaka mia. Nilicheza barabarani, mimi, na goti langu hili. Kisha poda ikaondoka na maji, tukaanza kungoja. Uliandika maombi ya kazi, ukaandika tena, kila tangazo linataka mtu mwenye uzoefu. Jioni moja uliniuliza uzoefu unauzwa soko gani. Nilikujibu ukapumzike.

Ndipo walipokuja wale wa kituo cha kuoshea kahawa, kutoka milima ya Mahagi, wakitafuta vijana wa agronomia. Ulikwenda na blauzi yangu. Ulirudi mapema mno, ukapita moja kwa moja chumbani, na mimi nikakaa nje ya mlango wako na chai inapoa mkononi mpaka ulipofungua.

"Baliweka sahani tatu mezani, Mama. Kahawa mu kila sahani. Balisema: nusa, uonje, utuambie nzuri iko gani. Nilichagua ya katikati. Niliipenda sana. Halafu baliangaliana."

"Na ilikuwa na nini?"

"Sijue. Hawakuniambia. Nimezaliwa mu kahawa, Mama, na sijue."

Nilikasirika kwa niaba yako. Nilisema hao ni watu wa majivuno, kahawa ni kahawa, nani anaionja? Nikakuambia uachane nao, uje deponi, uwe bosi wa hapa, nitakununulia meza. Nilidhani nakupa kitu kikubwa. Ukaniangalia kwa utulivu ambao ni wa baba yako, siyo wangu.

"Weye unajua kununua, Mama. Kahawa yenyewe hauijue. Siye wote hapa tunauzaka kitu hatujaonja hata siku moja."

Siku mbili sikusema nawe, isipokuwa kukuambia chakula kiko tayari. Nilikuwa nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kilichoniuma ni kwamba ni kweli. Kinyozi hajinyoi. Nenda nyumba yoyote ya mfanyabiashara wa kahawa hapa mjini, omba kinywaji: utapewa chai ya maziwa, tamu, na andazi. Mama yangu aliishi na kahawa maisha yake yote akafa hajaimeza. Na wewe ulisoma mmea huo miaka yote hiyo, mizizi yake, wadudu wake, majina yake ya Kilatini, na mwalimu wako naye alikuwa akitoka darasani anakwenda kunywa chai.

Kisha lori likarudi. Hilo hatujalizungumza vizuri, kwa hiyo acha niliandike. Mnunuzi kule Mahagi aliikataa kahawa yangu yote. Dereva alisema tu: "Wameichoma, wakaisaga, wakaonja, wakatema. Wanasema iko na mazuti." Nilipiga kelele uwanja mzima ukanisikia. Mazuti gani, mafuta ya malori kwenye kahawa yangu? Nilitia mkono kwenye gunia hadi kiwiko, nikanusa, sikusikia kitu. Nikawaita wapagazi, wakanusa, hawakusikia kitu. Wewe ukatoka nyumbani, ukanusa, hukusikia kitu.

Ukasimama hapohapo, umeshika punje mkononi, ukageuza kichwa polepole ukatazama huu ukuta ninaouegemea sasa. Nyuma yake jirani yetu anauza mazuti, mapipa yamepangwa, tangu hujaanza shule. Ukaanza kusema kama mtoto anayesoma shairi:

"Kahawa inavuta harufu ya kila kitu iko karibu yake, isihifadhiwe pamoja na mafuta, sabuni wala samaki. Iko mu silabusi, Mama. Niliikariri. Nilipata pwenti zote."

Halafu ukakaa chini kwenye vumbi na nguo yako safi.

"Ile sahani ya katikati," ukasema, "ilikuwa inanuka kama nyumbani."

Masika, nimesikia maneno mengi makali katika maisha yangu, mengine yakisemwa na watu wenye bunduki. Hakuna lililoniingia kama hilo. Ulichagua sahani mbovu kwa sababu ilikuwa na harufu yangu. Mimi nilikuwa na kahawa na ukuta wa mazuti. Wewe ulikuwa na sentensi ya kuniokoa, imekaa kichwani mwako tangu mwaka wa pili. Tulikuwa tunalala nyumba moja. Kizingiti tu ndicho kilichotutenga, na mimi ndiye niliyekuambia usikivuke.

Ulipowapigia simu mbele yangu wale wa kituo kule Mahagi sikukuzuia, lakini nilitumaini watakata. Ulimwambia msimamizi: "Ni mimi wa sahani ya katikati. Sasa najua ilikuwa na nini. Mko mnafundisha watu?" Baadaye aliomba aongee nami. Aliniambia: "Mama, wengine wote walioshindwa walikasirika tu. Huyu wako ndiye wa kwanza kutuita." Akasema wameona hawatapata vijana walio tayari, basi wameamua kuwafundisha wenyewe: siku kadhaa kwenye meza ya kuonja, siku kadhaa kwa wakulima, mwaka mzima, mshahara mdogo. Akaniuliza kama ninaruhusu, kwa kuwa hatari ya barabara ile anaijua na yeye.

Hapo nilikuwa na neno mkononi. Ningesema tu "barabara," ungebaki. Hakuna ambaye angenilaumu. Tunaishi katika amani hii yetu ambamo watu hufunga maduka mapema na kuuliza habari za njia kabla ya kuuliza habari za afya. Ningekuwa nimekushinda kwa neno la kweli, na hata wewe ungeniona mama mwenye busara. Nilikutazama wewe, unangoja simu yako. Halafu nikasema naruhusu. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia, na ukaniuliza mbona macho mekundu, nikasema moshi. Hatukuwa tumewasha moto.

Sijui kama nina la kukushauri. Mtu aliyekosea kama mimi akitoa ushauri watu wanacheka. Nitakuambia tu yale ninayotamani mtu angenisogezea sikioni. Usione haya kusema hujui mbele ya meza ile. Mimi nilijifanya najua mpaka lori zima likarudi. Usiwadharau walimu wako wa hapa. Sentensi ile walikupa wao, na ilikuwa ya kweli. Ilikosa tu mtu wa kukupeleka ukutani ukainuse. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye muhuri, mtoto wa watu akasimama mbele yako na shati lililofuliwa, usimrudishe nyumbani kwa huruma.

Juzi nilikwenda kwa yule mkuu wa seksheni. Sikuwa nimekuambia, ungenicheka. Nilivaa viatu vya kanisani. Nilimwambia anitumie wanafunzi wawili Jumatatu, nao watakaa mwezi mzima, na atakayetaka kulala nyumbani simpi hati. Nikamwambia pia aje yeye mwenyewe na daftari lake aone jinsi kahawa inavyopokelewa, na akija aniletee hizo silabusi, mtu anisomee, labda kuna sentensi nyingine inayonihusu. Alicheka. Alisema amengoja sana siku hiyo. Nimemtuma pia mtu Kilo amwambie Dieudonné kuna kazi. Hajajibu. Ningekuwa yeye, labda nisingejibu.

Usidhani ni wema mtupu. Nawataka hao wanafunzi kwa sababu Jumatatu nyumba hii itakuwa kimya. Naogopa ukimya huo, Masika. Nimeishi na risasi, na uvumi, na kukimbia na wewe mgongoni, na katika yote hayo nilikuwa na mtu wa kumwambia nyamaza. Sasa nitamwambia nani?

Leo, ulipotoka tu, nilifanya jambo. Nilichukua kahawa ya lile lori lililorudi, nikaikaanga kwenye sufuria, nikaitwanga, nikaichemsha. Nimekunywa kikombe kizima bila sukari. Ni chungu, mwanangu! Watu wa Ulaya wana matatizo gani? Lakini nilishika kila funda mdomoni, nikatafuta mazuti, nikatafuta. Sikuyapata. Nilisikia moto, na kitu kama udongo baada ya mvua, na nyuma yake kabisa kulikuwa na kitu ninachokijua, ni harufu ya uwanja wetu tu.

Ndipo nikaelewa ninachokiogopa kuliko barabara. Watakufundisha vizuri kule. Pua yako itafunguka. Halafu siku moja utarudi, utasukuma geti, na kabla hujanikumbatia utakunja pua, kwa sababu nyumbani kutakuwa kunanuka kosa.

Kunja, mwanangu. Usijizuie kwa kunihurumia; huruma ya namna hiyo tumeshaiona ilikotufikisha. Kahawa nzuri nitaihamishia upande wa pili wa uwanja, mbali na mapipa, nimekwisha kupatana na fundi. Lakini gunia hili nililolikalia sitalihamisha wala kulichoma. Litabaki hapa ukutani, litazidi kunuka, na wanafunzi nitawaambia wasiliguse. Ni la kwako. Ukifika gizani, au ukifika umechoka na milima ya watu, ulinuse kwanza, ujue umefika.

Nasikia wanakwaya wanakusindikiza, wanaimba barabarani, mko karibu na kona. Nafunga. Kesho lori litaondoka nawe, nitarudi sokoni, wataniita Mama Masika, nami nitageuka na kuitika kama kawaida.

Mama Masika